Fomu ya Kustaafu, Nakala Tatu

Jina: Ngowa Tsuma Mwambire. Hilo nimelijaza.
Cheo: mkufunzi wa hesabu. Ndivyo mshahara ulivyosema
miaka thelathini na mmoja,
maana chuo chetu cha Malindi hakikuwahi kuwa na fungu
la kumlipa mtu wa riadha.
Asubuhi alifundisha hesabu. Jioni alifundisha miguu.

Fomu inauliza vifaa alivyokabidhiwa.
Filimbi, moja. Saa ya kupimia, moja, kioo kina ufa.
Viunzi havimo: alivigonga mwenyewe
kwa boriti zilizobaki bweni lilipoezekwa.
Godoro la kurukia juu halimo:
magunia saba ya makumbi, yameshonwa kwa uzi wa nyavu,
ukiangukia vibaya unajikuna mpaka Ijumaa.

Na mchanga? Mchanga nani atauandika?
Wa ufukweni aliukataa. "Una kome, utawachana magoti."
Tukaenda kuuchota Sabaki, mto ulipopungua,
wanafunzi wa ualimu kumi na wawili, magunia kichwani,
yeye mbele na koleo, akihesabu hatua zetu kwa sauti
kama mtu anayedai deni.

Wenzangu watamkumbuka kwa Kazungu wa mkuki,
aliyefika Nairobi akarudi na kikombe,
mkuu wa chuo akakifungia kabatini hadi kikaota kutu.
Watamkumbuka kwa kelele: "Inua goti! Goti halitozwi ushuru!"
Mimi namkumbuka kwa bendera.

Mashindano ya Pwani, mwaka ule yalikuwa kwetu.
Gari la waamuzi liliharibika Matsangoni.
Akaombwa akae penye ubao wa kurukia,
bendera mbili mkononi, nyeupe na nyekundu.
Akasema sawa.

Miruko mitatu, zamu yangu ya mwisho.
Nilikimbia peku. Nikapiga ubao,
nikatua mguu uleule, nikabadili, nikaruka,
na mchanga wa Sabaki ukanipokea mbali,
mbali kuliko siku yoyote.
Mama, aliyekuja kuuza mihogo, aliacha karai likiungua
akapiga vigelegele.
Nikageuka.
Mwalimu alikuwa amechutama.
Kidole changu gumba kilikuwa kimeuvuka ubao,
upana wa punje ya mbaazi.
Akasimama. Akainua nyekundu.

Angeinua nyeupe, nani angejua?
Hata msichana wa Voi aliyeshinda aliniambia hivyo,
tukiwa kwenye foleni ya choo.

Muhula mzima sikumwamkia.
Niliacha kuruka, nikajifunza kupiga taipu,
wakaniajiri hapahapa, ofisi yenye dirisha la uwanjani.
Hakunifuata. Hakunieleza.
Kila jioni alipita na reki begani,
akasema neno lilelile, bila kusimama:
"Mchanga upo, Jumwa."

Leo ameniletea madaftari yake, nipate tarehe za fomu.
La tisa lina doa la chai.
Ndani, orodha ya siku ile, kwa penseli.
Mbele ya jina langu, msalaba, kama sheria inavyotaka.
Chini ya msalaba, kwa tarakimu ndogo hata nikatafuta miwani:
mita kumi na mbili, sentimita sitini na moja.

Alipima.
Watu wakigombea maji ya kunywa, mimi nikilia nyuma ya jiko,
alilaza futikamba peke yake kabla ya kupitisha reki,
akaandika namba isiyokuwa na pa kwenda.

"Mafanikio mengineyo," fomu inauliza. Mistari miwili.
Yuko nje kwenye benchi, kofia magotini,
anamwuliza mlinzi kama viatu vyake vinambana.

Mistari miwili naiacha wazi.
Narudi juu, kwenye vifaa, naongeza:
Bendera, mbili.
Nakandamiza kalamu,
wino upenye nakala zote tatu.