Mawe Meupe

Kijito cha Nsyombe kina rangi ya chai
iliyosahaulika jikoni tangu asubuhi.
Ukifua gauni la ubatizo, linatoka na kutu.
Ukichemsha ndizi, sufuria inaota ngozi nyekundu ndani.
Sisi tumezoea. Wageni ndio hupiga picha.

Maji yanatoka mdomoni mwa shimo namba mbili,
pale baba alipoingia miaka kumi na tisa
akichimba makaa ambayo nyumbani hatukuwahi kuyawasha.
Kisha kampuni ikafunga geti,
ikasahau kufunga mlima.
Kibati chake cha shaba, 212, hakikurudishwa;
hapakuwa na mtu wa kukipokea.
Kinaning'inia kwenye msumari wa kalenda.

Mimi ni mwandishi wa kamati ya maji.
Naandika: akidi imetimia.
Naandika: mvua kubwa, wamefika saba.
Mwaka jana, kwa kalamu nyekundu kwa kuwa ya bluu iliisha,
niliandika: Serikali imetenga fedha za kusafisha mgodi.
Subilaga wa mashine ya kusaga akaomba nirudie.
Imetenga, nikasema.
Akasema, hata ugali hutengwa,
na watu wakalala njaa.

Mtaalamu alikuja na buti za mpira.
Akatueleza kwamba maji haya ni makali, yanakula chuma,
na dawa yake ni chokaa: mfereji mrefu,
madimbwi matatu ya kuyatuliza,
mifuko mia mbili kwa kuanzia.
Lori kutoka Songwe likakwama kwenye kona ya mianzi.
Kwaya ya akina mama ililisukuma kwa sauti ya tatu.
Mifuko mia mbili imepokelewa. Nikasaini.

Ndipo ikaja barua: mgeni rasmi atazindua mradi.
Na mradi hauzinduliwi penye ukuta mchafu.
Ofisi ya kata ikapakwa chokaa. Choo cha ofisi kikapakwa.
Miparachichi ikapakwa hadi kiunoni.
Na mawe, mawe yote ya kando ya njia,
kutoka lami ya Tukuyu hadi getini;
vijana walilipwa kwa siku, siwalaumu.
Kijiji kizima cha Nsyombe kiling'aa,
isipokuwa Nsyombe.

Mgeni alikata utepe. Akasema "ndaga fijo", tukacheka kwa adabu.
Akanawa kwa maji ya chupa.

Stoo nilikuta mifuko kumi na minne,
mmoja umeloa, umekuwa jiwe.

Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza,
tulitoka na mabeseni, mimi, Subilaga na wanawe wawili.
Tukayaokota mawe meupe moja moja,
tukayalaza mdomoni mwa shimo namba mbili.
Maji yakayalamba. Kwa muda yalifuka weupe kidogo,
kama maziwa yaliyomwagwa na mtu mwenye haraka.

Mwalimu Tumwitike wa kemia alichovya karatasi yake.
Kabla ya mawe: tatu.
Baada ya mawe: tatu.
"Labda tatu na kidogo," akasema, kwa wema wake.

Jioni nilifungua kitabu cha kumbukumbu.
Nikaandika: mawe yamehamishwa, kazi inaendelea.
Nikayakata maneno mawili ya mwisho.
Chini yake nikaandika mifuko tunayodai:
mia moja themanini na sita.