Mkingamo

Kitangari, mwezi wa salfa.
Safu mbili za mikorosho: ya baba, na ya Baba Mkubwa Chinguile,
zilipandwa kwa kamba moja, enzi zile wakisemezana.
Sambamba. Hata ziende mpaka Ruvuma
hazikutani.

Njia ya bibi yangu, Somoe Nantende,
aliyoichonga kwa kisigino, ndoo kichwani,
inaikata ya kwanza mshazari, inaikata ya pili;
haijamwomba mtu ruhusa.

Mimi na kipimapembe kilichopasuka penye sifuri
nimelala kifudifudi, salfa puani.
Kwetu, upande wa ndani: hamsini na nane.
Nikavuka njia. Kwao:
hamsini na nane.
Nikapima tena, huenda ule ufa umenidanganya.

"Unatafuta nini kwangu?" Baba Mkubwa, bomba mgongoni.
"Pembe mbadala, baba. Za hesabu."
Akainama. Miaka minne hajainamisha shingo upande huu.
"Ngapi?"
Nikamwambia.
Akafuta vumbi la njano kwenye kope.
"Na kwa baba yako?"

Bibi akapita katikati yetu na ndoo yake,
maji yakimchupa, kidogo huku,
kidogo kule.