Majina ya Njia

Mama hakuwahi kusema "safari njema" akaishia hapo.
Alivua glavu ya mkono wa kulia
katika baridi ya Nain, ile inayong'ata hadi chini ya ukucha,
akaweka kiganja juu ya mzigo wa sleji
(kamba, petroli, mkate uliofungwa kwa taulo)
akaanza kumwelekeza Mungu njia,
kana kwamba Mungu ni mgeni Labrador.

"Baba, Boazi anatoka sasa, na Yona nyuma yake.
Watapita Kisiwa cha Mayai, upande wa bara.
Watalala kibanda cha marehemu Gustafu, chenye jiko bovu.
Kesho, Mlango wa Maji Macho:
watazunguka, hawatakatiza.
Hawatakatiza, Baba, unasikia?"

Na mjomba Boazi, kofia mkononi, masikio mekundu,
akajibu yeye badala ya Mungu:
"Nasikia, Zipora."

Nilikuwa na miaka tisa.
Nilidhani sala ni msumari:
kadiri ulivyo mrefu ndivyo unavyoshika.
Siku mama aliposahau kusema Amina
nilitoka mbio na soksi tu
nikaimalizia mwenyewe,
nikiipigia kelele moshi wa pikipiki ya theluji.

Mwaka ule Machi ilikuja na mvua.
Mvua, Machi!
Wazee walitazama juu
kama watu walioitwa kwa jina lisilo lao.
Sala ya Boazi ilikuwa ndefu kuliko zote,
chai ikapoa mara mbili.
Na barafu ikamfungukia.
Wala si kule Mlangoni, alikozunguka vema,
bali mahali pa kawaida kabisa, hatua chache kutoka kibandani,
pale babu alipopitisha mbwa wake hata usiku
akiwa amesinzia.

Redio ikanyamaza siku mbili.
Mzee Efraimu akaingia, hakuketi.
"Zipora, uliwaombea njia gani?"
Mama akaisema sala yote upya,
bila Baba, bila Amina,
kisiwa, kibanda, jiko bovu, mlango,
na wanaume saba wakaichukua vichwani mwao
wakaondoka nayo.

Yona walimkuta hai kwa Gustafu,
vidole vya mguu vimekuwa vyeusi,
akichoma mbao za kitanda.
Boazi alipatikana Juni.
Tarumbeta za kanisa zilipigwa tatu.
Ya nne ilikuwa yake.

Nilimuuliza mama sala ile ilikuwa ya nini.
Alikuwa anashona buti la Yona,
analifupisha mbele.
Hakuinua macho.
"Shika hapa," akasema.
Nikashika ngozi, naye akavuta uzi.
Jibu lingine sikupewa.

Nimelibeba miaka thelathini.
Kuna asubuhi nasema: Mungu hakusikia.
Kuna asubuhi nasema: saba walisikia,
na Yona ana wajukuu.
Mara nyingi sisemi kitu, nachota maji.

Jana mwanangu Manase alisimama uwanjani,
begi lake lina magurudumu,
anakwenda chuo.
"Mama, fupi tu. Rubani anatungoja."
Nikavua glavu.
"Baba, Manase anatoka sasa.
Atashuka Goose Bay. Kisha ndege kubwa hadi St. John's.
Kisha..."
Nikakwama. Huko sijui rasi wala ghuba,
sijui wapi maji ni membamba.
"Niambie," nikasema. "Kisha wapi? Mtaa gani?
Mwenye nyumba anaitwa nani? Ngazi zake zina taa?"

Akacheka. Akatazama ndege.
Kisha nikaona kofia imeshuka mkononi,
akaanza kunitajia, polepole,
nami nikamfuata nyuma, jina kwa jina.
Alipofika kwenye basi akasita.
"Namba tatu. Au kumi.
Mama, sijui."

"Basi tuseme hatujui,"
nikamwambia,
na tukasema.