Makisio ya Kuosha Vioo

Bwana Masinga, umeniuliza bei
kabla hujaniuliza njia.
Nimekuja kwanza na shingo yangu,
nimeikunja nyuma hadi kofia ikadondoka
kwenye maegesho yako:
ghorofa tisa, vioo vya kahawia kama chai ya rangi,
na juu yake vumbi la Dodoma, lile jekundu,
lisiloalikwa, lisilopiga hodi.

Aliyechora jengo hili hakuwahi kufuta dirisha.
Nimepanda paani na Ndahani, tumetafuta ndoano,
pete, nondo iliyosahauliwa, chochote cha kufungia uhai.
Tumekuta matangi mawili, dishi la televisheni,
na kiota cha kunguru kilichosukwa kwa nyaya za mafundi.
Kunguru amepata pa kujishikiza. Sisi bado.

Ngazi? Ngazi inaishia ghorofa ya pili,
kuanzia hapo inakuwa sala.
Jukwaa la mabomba, sawa, ni imara,
lakini siku sita kulifunga, siku nne kulifungua,
na duka la dawa hapo chini lishinde gizani
kwa ajili ya siku mbili za sabuni.

Ulitaja gari lenye mkono mrefu.
Uliliona Dar, likimwinua mtu kama kijiko kinavyoinua uji.
Nami nalipenda, sikufichi.
Ila nimegonga bustani yako kwa kisigino
nikasikia uwazi ukiitika: shimo la maji machafu liko hapo,
chini ya nyasi, na mfuniko wake wa zege una ufa.
Tani kumi na sita, Bwana. Na mji huu,
sisi Wagogo tunasimuliana, ulipata jina
siku tembo alipokwenda kunywa maji akazama.
Idodomya. Amedidimia.
Sitaki kuupatia mji jina la pili.

Kikapu cha winchi, watu wawili na ndoo zao,
kinataka upepo wenye adabu.
Huu wa Julai, ukishaamka upande wa Chamwino,
saa nne asubuhi unasukuma hata mageti.
Kikapu kitabisha hodi kwenye vioo vyako,
na kila hodi ina ankara yake.

Zimebaki kamba.
Kamba mbili kwa kila mtu:
moja ya kazi,
moja ya mama yake.

Tutazifunga kwenye nguzo za chumba cha lifti;
nimezigonga kwa nyundo, zimejibu vizuri.
Kingo za alumini zinakata. Tutazivika
mpira wa mkanda wa mashine ya kusaga, ule mzito.
Tunaanza saa kumi na mbili, upepo ukiwa usingizini,
saa nne tumeshuka, ukuta umeisha au haujaisha.

Chidawali ndiye wa kwanza. Nimemuuliza swali moja,
si kama anaogopa
(anaogopa, ndiyo maana nimemwajiri):
ukizimia ghorofa ya sita, nani anakushusha, kwa dakika ngapi?
Akamnyooshea Ndahani kidole. "Huyu. Nane."
Juzi tukajaribu kwenye mnara wa tangi kule Ihumwa,
gunia la mahindi likiwa ndiye Chidawali.
Dakika kumi na moja.
Hakuna aliyecheka. Jana tukarudia.
Saba.

Basi bei ni hiyo hapo chini, na sahihi yangu:
Sechelela, kwa wino wa bluu.
Yule jamaa wa Area C atakupa nusu yake.
Muulize tu kamba yake ina umri gani.
Yangu ikitimiza miaka mitano, hata kama bado inang'aa,
hata kama mkono hauoni kosa,
naikata mwenyewe kabla ya kuipeleka mnadani Msalato:
vipande vifupi,
urefu wa mbuzi,
si urefu wa mtu.