Kinyozi Kamatini

Barua ilikuja na nembo ya jiji: mto, kinu, na mwaka.
Nikadhani ni faini ya gari.
Kumbe naitwa, mimi Seif Mwinjuma, kinyozi wa Mtaa wa Mfereji, Maine,
nikae na wenzangu wanne
tupange madiwani walipwe nini.

Kinyozi hajinyoi, ndiyo sababu.
Methali hiyo hawaijui. Nilipowaambia,
Ouellette fundi bomba alicheka mpaka akavua miwani.

Chumba cha chini ya maktaba, Januari.
Radieta inagonga kama mgeni aliyenyimwa mlango.
Verna, muuguzi mstaafu, kaleta biskuti za tangawizi
na karatasi moja: dola elfu moja mia tano kwa mwaka,
haijaguswa tangu kiwanda cha viatu kifungwe.

Nilikotoka mimi, neno posho linanuka bahasha,
lina kitambi, lina dereva anayengoja injini ikiunguruma.
Niliingia nalo mdomoni kama kipande cha limau:
wapunguzieni!
Kisha akaingia Lorraine Michaud wa kata ya tatu,
unga umemganda kiwikoni.

Hakuja kuomba. Aliitwa aeleze muda wake.
Akafungua daftari la shule lenye picha ya farasi, akasoma:
Jumanne, kikao, mpaka usiku wa manane.
Jumatano, simu: jembe la theluji limefukia gari la bibi mmoja.
Alhamisi, bajeti, kurasa mia mbili na kumi.
Ijumaa, nimekosa zamu ya kuoka.
Jumapili, kanisani, wakati wa kupeana amani,
mtu kanishika mkono, hauachii,
ananiuliza habari za mashimo barabarani.

Nikapiga hesabu nyuma ya barua yangu.
Dola mbili na senti arobaini na tano kwa saa.
Kwa pesa hiyo sikunyolei hata sharubu.

“Uongozi ni wito,” akasema Ouellette.
“Baba yangu alizima moto wa watu miaka thelathini, bure.”
Nikamjibu: wito nao hula chakula cha jioni.
Tazama viti saba pale juu.
Watano wana nyumba za kupangisha.
Wa sita, mumewe daktari.
Wa saba ndiye huyu mwenye unga.
Cha bure hukaliwa na aliyeshiba.

Kijana wa chuo alitaka elfu kumi na mbili.
Ouellette hakutaka hata senti.
Biskuti zikaisha, radieta ikanyamaza,
tukaangukia elfu nne mia nane,
na yaya wa kulea watoto usiku wa kikao;
kura tatu kwa mbili.
Na ianze baada ya uchaguzi,
ili anayepakua asiwe anayekula.

Kesho yake mzee Armand, povu mpaka masikioni:
“Umewagawia hela zangu!”
Dola tano kwa nyumba, nikamwambia, kwa mwaka mzima.
Nusu ya bei ya ndevu zako.
Wembe ulikuwa kooni mwake; hatukubishana sana.

Jumamosi Lorraine akamleta mwanawe,
yule mwenye kishungi kisicholala hata kwa maji.
Gombea tena, nikasema, sasa kuna kitu.
Akatazama nywele zikianguka.
“Nimechoka, Seif. Atafaidi mwingine.”
Akalipa kumi na nane, akaongeza nne.
Nikakataa ile nne. Akaiacha juu ya kiti.

Walipotoka nikasimama mbele ya ubao wangu wa bei.
Kichwa kumi na nane, ndevu kumi,
tangu kabla ya korona.
Nikalowesha kitambaa, nikafuta ile nane,
kisha mkono ukaingia aibu, haukujua uandike nini.

Nje jembe la theluji likapita,
likafukia gari langu mpaka vioo.
Nikashika simu.
Nikaiweka.