Makabidhiano ya Stoo

Siyu, mwisho wa muhula

Mwalimu Nyevu, ufunguo ndio huu.
Kitasa kina kutu: uinue mlango kwa goti
ndipo uzungushe. Goti lolote.
Mimi nimebakiwa na la kushoto.

Ndani utakuta mpira mmoja wa ngozi,
umelegea kama papai la juzi.
Pampu iko kwa mwalimu mkuu. Idai.
Usiidai mbele ya watu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanga mstari,
watoto arubaini na wawili, mpira ule ule mmoja,
nikapuliza filimbi, nikajiona mwalimu.
Jioni nikapiga hesabu kiganjani:
dakika thelathini na tano,
na kila mtoto kaugusa mpira
muda wa kupiga chafya.
Muda uliobaki walijifunza nini? Kusimama.
Na kusimama, mwenzangu, walikuja wanakujua.

Usiku ule nilitoa soksi zangu zote,
nikazijaza vitambaa vya fundi Bwanaheri,
nikazifunga kwa kamba ya makumbi.
Mipira kumi na minne.
Watoto watatu, mpira mmoja.
Kesho yake viatu vilinichubua,
na hakuna aliyepata nafasi ya kusimama.

Uwanja una mbigili, utaona.
Mwanamize Kombo, darasa la tano,
kila Alhamisi tumbo lilimuuma.
Nilimwandika mvivu, kwa wino mwekundu,
hadi nilipomwona kaka yake kiwanjani
kavaa viatu vya bluu, kamba za kijani,
ambavyo asubuhi vilikuwa miguuni mwa Mwanamize.

Sikumuuliza kitu.
Alhamisi iliyofuata nilivua vyangu,
nikaviacha mlangoni mwa stoo, nikasema:
leo sote peku,
na kila mtu aniletee mbigili ishirini.
Inama, okota, inuka.
Inama, okota, inuka.
Walipomaliza walikuwa wanahema,
mwili umepata moto, uwanja umepata kupitika,
na tumbo la Mwanamize limepona.
Mkaguzi wa muhula ule aliandika:
"Somo limeanza bila mazoezi ya kupasha mwili."
Nimekuachia ripoti yake. Ni karatasi nzuri ya kufungia chaki.

Usiwape manahodha wawili wachague wenzao.
Kuna mtoto atakayebaki mwisho
na atakumbuka hadi awe na wajukuu.
Gawa kwa mwezi wa kuzaliwa, kwa herufi, kwa mtaa.
Usigawe kwa chakula cha jana usiku,
waliokula samaki huku, waliokula maharage kule.
Nililifanya mara moja.
Wawili walibaki katikati.

Famau Shee ana mguu mmoja mfupi.
Kila mwalimu humpa filimbi ashike.
Nami nilimpa. Alinirudishia, akasema:
"Mwalimu, hii haitoi jasho."
Basi tukausogeza mstari wake mbele.
Hatua ngapi, waliamua wenzake,
wakabishana mpaka wakafika tatu na nusu.
Ile nusu usiiguse. Ina historia.

Ramadhani ikikukuta, hamia asubuhi,
kwenye kivuli cha ukuta wa darasa la nne:
kulenga kopo, kudaka kwa mkono mmoja,
kusimama mguu mmoja umefumba macho.
Usimkimbize aliyefunga saa nane mchana.

Mwalimu wa hesabu atakuja kukuomba kipindi.
Mtihani umekaribia, atasema, na uso wa huruma.
Mpe kamba yenye mafundo,
aje nao mchangani wapime miruko.
Akikataa, basi hakutaka hesabu, alitaka saa.

Kasoro robo saa tisa punda wa Lali ataingia uwanjani.
Usihangaike naye. Hakuna mbio nilizowahi kupanga
walizozikimbia kwa moyo kama zile.

Maelezo yako yasizidi pumzi moja.
Mimi, unaona, leo nimevunja sheria.

Sahihi hapa. Na hapa.
Mipira ya soksi kumi na mmoja, mitatu iliraruka.
Vifuu thelathini vya alama. Kamba nne.
Filimbi?
Filimbi iko nyumbani, mfuko wa kanzu.
Nitakuletea kesho.
Keshokutwa.