Wewe na Ninyi

Saa kumi na moja alfajiri, pimbi wangali wakilia mawe ya juu,
nachota maji ndoo mbili
na toka bombani hadi jikoni nanyambua kitenzi kimoja:
je suis, tu es, il est.
Nikikosea nasimama. Maji yanacheza, yanatulia. Naanza upya.
Mpishi, mzee Ng'hwaya, anadhani nasali.
Simkatalii.

Darasa letu ni chumba cha pasi, Nyegezi,
kanzu nyeupe za mapadre zikining'inia juu ya vichwa vyetu.
Wanafunzi watatu: mimi, Bituro wa Musoma, na Rwezaula
anayejua kila neno la chakula na hajui lingine.
Mama Nsimire wa Bukavu anashika koo lake kwa vidole viwili:
"R inatoka hapa, pale mwiba wa sato hukwama."
Nakohoa. Anasema bado.
Mimi niliyechapwa darasa la pili kwa ajili ya "kalatasi",
leo naambiwa r niliyoipata kwa fimbo siyo yenyewe.

Meza ni mwanamke, akasema. Ziwa ni mwanamume.
Nikabisha: ziwa hili hapa? Linalotulisha dagaa,
lililommeza mjomba Sayi na mtumbwi na karabai yake
lisirudishe hata kofia?
"Hilo hilo," akasema. "Kifaransa hakikupita Mwanza kuuliza."

Lakini kuna jambo moja sikulipinga.
Fundi viatu wa njia panda ya Butimba, ningekuwa Mfaransa,
ningemwita ninyi, ingawa yuko peke yake na sindano yake.
Mkuu wa polisi, ninyi. Mwuza nyanya, ninyi.
Mungu, wewe.
Wewe, kama tulivyoitana na Malimi tukichunga:
wewe uliyeiba muwa, wewe njoo tuogelee.
Usiku huo nilipiga magoti, nikalitamka, tu,
nikaona haya, kama mtu aliyeingia kwa mkwewe bila hodi.

Jumamosi tunapanda Bugando kutazama wagonjwa.
Nikasikia wodi ya tatu kuna mama ametoka Uvira.
Nilijiandaa ngazi zote, mwiba wangu tayari kooni:
Où avez-vous mal, Madame?
Akanitazama, mguu wake umefungwa hadi pajani.
"Weye mutoto, Kiswahili haujue?
Unaniletea Kifaransa ya nini? Nipe maji."
Nikampa maji.
Wodi nzima ilicheka, hata yule wa oksijeni alitikisa bega.
Sijafanya ziara bora kuliko hiyo,
ingawa katika taarifa kwa mlezi niliandika tu:
mgonjwa aliomba maji, akapewa.

Barua imekuja. Chadi.
Mlezi alinionyesha ramani: nako kuna ziwa,
ila wanasema linarudi nyuma,
wavuvi wanalifuata kwa miguu.
Nikashuka ufukweni. Gugumaji limejaa ghuba.
Nikakaa juu ya jiwe lenye joto la mchana
nikitafuta la kusema kwa lugha yoyote ile.
Nilipata njaa.

Mama alipiga simu kutoka Magu. Hakuuliza kama nitarudi.
Aliuliza: watu wa huko wanalima nini?
Nikasema sijui, mtama labda.
"Kama ni mtama, utawakuta kwenye palizi. Jembe unalijua.
Usiende kusimama pembeni na kitabu."

Palizi. Nilipekua kamusi hadi taa zikazimwa.
Asubuhi nikamwuliza Mama Nsimire kabla hata ya salamu,
naye, aliyekulia jembeni huko Kabare,
hakufungua kitabu. Aliinama kati ya kanzu,
akang'oa hewa kwa mikono miwili, mara tatu,
akasema: sarcler.
R ya kwanza inasikika, ya mwisho inanyamaza.
Nikaitoa mara moja tu.
Hakusema bado.